Mkazo Usio na Sababu

Pale Dumila, njia ya Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, mnunuzi wa matenga ya nyanya akiambiwa kuwa hajalipa, hujibu papo hapo: "Kulipa nimelipa!" Hakuna mwalimu aliyemfundisha kulitaja tendo mara mbili namna hiyo. Amekanushwa, naye ajua kuwa jibu lake lapaswa kuwa zito kuliko kanusho.

Kiingereza nacho kina uzito huo, ila hukipa kazi hiyo kitenzi kisaidizi "do". "I sent the report" ni taarifa: nilipeleka ripoti. "I did send the report" ni jibu: kupeleka nilipeleka, ingawa wewe wasema sikupeleka. Kanuni yenyewe ni fupi. Kisaidizi ndicho kinachobeba wakati, na kitenzi kikuu hubaki katika umbo lake la asili. Basi yule aandikaye "I did sent" autaja wakati uliopita mara mbili. Aidha, palipo na kisaidizi kingine, kama "have" au "will", "do" haihitajiki. Sauti hukazwa juu ya hicho kilichopo.

Hata hivyo, kosa hilo la sarufi ni dogo. Kubwa zaidi ni mkazo usio na sababu. Mathalani, mafuriko ya Januari 2014 yaliikata barabara kuu hapo Dumila. Tuseme ofisa mmoja angeandika katika taarifa yake, "We did distribute the food," ilhali hakuna aliyemwuliza. Yeye angedhani amekipamba Kiingereza chake. Mkubwa wake angeelewa kwamba yapo malalamiko kuhusu chakula. Angekuwa amejitetea kabla ya kushtakiwa! Na siku ambayo angeshutumiwa kwa kweli, silaha hiyo ingekuwa butu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Lawama hizi tusimtwike mwanafunzi. Tangu 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali; kisha mtoto huingia sekondari, akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hapo hukariri kanuni bila kuona kazi yake. Wapo wanaoamini kwamba kutaja Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kumharibu mwanafunzi. Hiyo ni kasumba. Mtoto wa Dumila anao mkazo tayari kinywani mwake. Kilichobaki ni mwalimu kumwonyesha mahali Kiingereza kinapouweka. Aanze na "kulipa nimelipa", na somo litaeleweka.

Nasi watumishi wa ofisini tuna wajibu wetu. Kabla ya kuandika "did" mbele ya kitenzi, yafaa tujiulize: ni nani aliyekanusha? Kama hayupo, tuifute.