Mgonjwa Ana Faili, Wewe Je?

Mfululizo wa "Anayeuguza Naye Ni Mtu", sehemu ya 5

Leo naandika nikiwa hapa Feri, nasubiri pantoni ya kurudi Kigamboni. Foleni ni ile ile mnayoijua, na harufu ya samaki wa kukaanga inanitesa maana sijala tangu saa sita. Tuvumiliane.

Wiki iliyopita niliwauliza swali moja tu: mara ya mwisho mtu kukuuliza "na wewe unaendeleaje?" ilikuwa lini? Majibu yenu nimeyasoma mpaka usiku. Mwenye mtoto njiti, mwenye mtoto wa selimundu, mwenye mtoto mwenye utindio wa ubongo, anayemuuguza mkwe, anayemuuguza mume. Wengi mmeandika kitu kilekile: hakuna anayeniuliza.

Sasa leo nina hoja yangu, na najua si wote mtakaokubali. Mgonjwa ana faili. Mjamzito ana kadi. Mtoto ana kadi ya kliniki. Wewe unayewahangaikia wote hao huna hata karatasi moja yenye habari zako. Mimi nasema jitengenezee. Tafuta daftari, uandike habari zako mwenyewe. Dozi za mgonjwa ziandike kwingine. Hili liwe lako.

Najua mtasema, "Nesi, nakosa hata muda wa kuoga, wewe unaniletea mambo ya insha?" Ngoja nikwambie yaliyonikuta.

Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakakata. Nikamleta kwangu. Kazi nilikuwa naijua: kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, kumlisha akiwa amekaa wima asipaliwe, kumnyoosha viungo. Nimewafundisha ndugu wa wagonjwa mambo haya miaka na miaka. Kumbe kuijua kazi ni kitu kimoja, na kuibeba usiku na mchana ndani ya nyumba yako ni kitu kingine.

Jioni moja nimetoka zamu, mwanangu mdogo analia, uji nimeshapika, mama anautema. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikamshika kidevu kwa nguvu, nikasukuma kijiko. Hakupaliwa, Mungu ni mwema. Lakini aliniangalia, na chozi likamtoka. Mtu aliyenilisha mimi.

Sikumwambia mtu. Si mume wangu, si dada yangu, si wenzangu kazini. Ningeanzia wapi? Nesi mzima! Usiku ule nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, nikaandika ukurasa wa nyuma: "Leo nimemuumiza mama. Nina siku 9 sijalala usiku mzima. Namchukia? Hapana. Nimechoka." Basi. Nikalia, kisha nikalala. Asubuhi nikamwomba mama msamaha kwa sauti, akaniminya kwa ule mkono wake mzima.

Sisemi daftari lilifanya muujiza. Nasema ile namba 9 ndiyo iliyonishtua. Kichwani nilikuwa najiona mtu mbaya. Kwenye karatasi nikaona mtu ambaye hajalala siku tisa. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na hili la pili lina dawa.

Na msidhani uchovu wa kuuguza unaishia moyoni. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama huo wasiouguza mtu. Kila mmoja akatiwa kidonda kidogo mkononi, kisha wakasubiri kipone. Vidonda vya wale wanaouguza vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Yaani msongo unaingia mpaka kwenye ngozi.

Kuhusu kuandika, mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, watu wa saikolojia wa hukohuko Marekani, waliwaambia wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wale walioandika jambo zito lililowapata pamoja na walivyojisikia, miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida tu. Ila na hili mlisikie: palepale baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Ni kama kusafisha kidonda, kinauma kwanza. Na tafiti zilizofuata zimeonyesha faida yake ni ya kiasi, haiji kwa kila mtu. Kwa hiyo sikuuzii dawa ya maajabu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, sisi huwa tunaongea. Jamani! Mwana Kupona binti Mshamu wa huko Pate alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili binti yake abaki na maneno ya mama. Na hapo Uganda, chama cha akina mama wanaoishi na VVU kiitwacho NACWOLA, kilichoanza mwaka 1992, kilikuja kuwafundisha wanawake kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Wakati huo dawa za kufubaza virusi wengi hawazipati. Mama anaandika: ulizaliwa hivi, ukoo wetu ni huu, ulipenda kula hiki. Na katika kuandika, wengi walipata ujasiri wa kuwaambia watoto ukweli kuhusu ugonjwa, na kupanga mapema nani atabaki nao.

Lakini angalieni, wote hao walikuwa wagonjwa wakimwandikia atakayebaki. Mimi nataka na huyu anayekesha pembeni ya kitanda naye ashike kalamu.

Daftari langu la pili nililinunua Kariakoo. Mnajua lile jina limetoka wapi? Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi yao pale. Walibeba mizigo ya vita vichwani na mabegani. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa, na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Kila nikipita pale nawaza: mzigo ulihesabiwa, mbebaji hakuhesabiwa. Ndivyo tunavyofanyiwa majumbani, na wakati mwingine tunajifanyia wenyewe.

Sasa ile hoja ya siri ya nyumba. Mmenilea hivyo na mimi nalea hivyo, mambo ya ndani hayatoki nje. Sawa. Lakini siri ya nyumba isiwe sababu ya mtu mmoja kufia ndani yake. Mwezi ulipokwisha tulikuwa na kikao cha ndugu. Zamani ningelia, waniambie "pole, tuko pamoja", wapande magari yao waondoke. Safari hii nikafungua daftari. Nimeamka usiku siku 30 kati ya 30. Kaka ameahidi kuja Jumamosi mara tatu, hajaja hata moja. Pampasi zote za mama nimenunua mimi. Sikugombana na mtu, nilisoma tarehe tu. Kaka akanyamaza. Wifi ndiye aliyesema, "Kuanzia wiki hii nitakuja mimi Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Wewe ulale." Na alikuja kweli.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, fanya hivi:

Andika tarehe, halafu mambo matatu: umelala saa ngapi, nini kimetokea, na umejisikiaje. Hayo mawili ya mwisho yaende pamoja. Ukiandika hasira tupu utazidi kuichochea, na ukiandika matukio matupu itakuwa ripoti ya zamu.

Mistari mitatu inatosha. Ukikosa siku mbili, usijilaumu, endelea.

Taja na aliyekusaidia. Jirani aliyekuchotea maji naye aandikwe.

Liweke mahali pako. Mimi langu nililiweka chini ya unga. Kama nyumbani kwako hakuna usalama, andika, soma, chana.

Usiweke status. Mgonjwa wako ana heshima yake, na picha yake akiwa kitandani si ya kuonyesha watu. Hapa nitakuwa mkali siku zote.

Kama kuandika ni kazi, jirekodi sauti kwenye simu. Lengo ni jambo litoke kichwani.

Na hapa nasema kama nesi: daftari lisiwe mbadala wa hospitali. Ukijikuta unaandika kwamba unataka kufa, au unafikiria kumdhuru mgonjwa au mtoto, funga daftari, mwambie mtu mzima unayemwamini, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mama uliyejifungua, huzuni ikikubana zaidi ya wiki mbili, njoo. Hatutakucheka.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini nilichokuwa nakumbuka ni kile kijiko tu. Kila nikifumba macho, kijiko. Siku moja nikalitoa daftari nikalisoma lote. Kijiko kilikuwa na ukurasa mmoja. Mbele yake nikakuta hii, nilikuwa nimeisahau kabisa: "Leo mama amecheka. Muuza samaki kapita anaita, mama naye akajaribu kumwita, ikatoka sauti kama ya kuku. Tumecheka mimi, yeye na mtoto mpaka machozi."

Nisingeandika, ningebaki na kijiko.

Haya, geti limefunguliwa, watu wanasukumana. Wiki ijayo tutaongea jinsi ya kugawana zamu na ndugu bila kuvunja undugu. Mtumie hii mwenzio unayejua ana mgonjwa ndani. Na usiku wa leo, mgonjwa akishalala, andika tarehe na mstari mmoja. Anza na usingizi: umelala saa ngapi?