Sabul Yumo Ofisini Mwetu

Vipo vitabu visivyomwambia msomaji yote kwa siku moja, humngoja akue. Miongoni mwa hivyo ni riwaya ya kubuni ya kisayansi iitwayo The Dispossessed, aliyoitoa Mmarekani Ursula K. Le Guin mwaka 1974. Niliisoma kwanza nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Hivi karibuni nimeirudia, na nakiri kwamba mara ile sikuielewa.

Hadithi yenyewe ni ya dunia mbili. Urras ina neema, lakini katika nchi yake iliyo tajiri neema hiyo ni ya wachache. Anarres ni mwezi wake, mkavu na wenye dhiki, ambako wanamapinduzi walihamia ili waishi bila mabwana, bila sheria na bila mali ya mtu binafsi. Shevek, mwanafizikia wa Anarres, anafunga safari kwenda Urras.

Kwa pupa ya ujana, nilishangilia pale Shevek anapogundua kwamba nyuma ya fahari ya wenyeji wake wamefichwa maskini, na kwamba maskini hao wakiandamana hupigwa risasi. Nilidhani kitabu kimekwisha hapo: ubepari umehukumiwa.

Safari hii aliyeninyima usingizi ni Sabul, ambaye zamani nilimpita bila kumtazama. Sabul si bepari. Ni mwanafizikia wa huko huko Anarres, mkubwa katika jamii isiyo na wakubwa. Hana cheo cha kuamrisha, lakini kitabu cha Shevek hakichapishwi mpaka jina la Sabul nalo liwekwe. Naye Tirin, aliyeandika mchezo wa kuigiza wenye dhihaka, hakutiwa gerezani, maana Anarres haina magereza. Alilaumiwa hadharani, akapangiwa kazi za sulubu, hata akili ikamvurugika. Hapakuwa na dikteta aliyeamuru hayo. Ilitosha kila mtu kuogopa jirani atasema nini.

Fundisho ni hili: kuondoa unyonyaji wa mali hakuondoi peke yake tamaa ya kuwatawala wengine. Tamaa hiyo huhamia kwenye faili, muhuri na kamati. Nasi tulilitambua jambo hilo mapema: miaka minne tu baada ya Azimio la Arusha, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dhuluma.

Basi, ndugu mtumishi wa umma, nawe ndugu mwalimu, tujiulize. Faili la mwananchi lililolazwa mezani kwa kuwa hakutunyenyekea. Wazo la kijana lililopelekwa juu kwa jina la mkubwa wake. Mwanafunzi aliyenyamazishwa kwa kuwa swali lake lilikuwa gumu. Hayo hayakuletwa na beberu. Ni kazi ya Sabul, na Sabul ni sisi.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanampa adui silaha. Shevek hakuikana Anarres. Nadharia yake aliitoa kwa walimwengu wote bila kuiuza, kisha akarudi kwao mikono mitupu. Ayapendaye mapinduzi huyakosoa akiwa ndani yake, tena kwa sauti ya kusikika.