«Sisi Wote Tuko Nayo, Tuogope Nini?»

Bwana na bibi mmoja walikuja kwangu jioni. Wote wawili wako na kidudu cha SIDA, nao walikwisha kuambiana ukweli tangu zamani. Bwana alikuwa anajitayarisha kurudi machimboni upande wa Mongbwalu kwa miezi 3, na dawa alitaka kuziacha nyumbani. Nilipomuuliza sababu, akajibu: «Pasta, sisi wote tuko nayo. Tuogope nini tena?»

Swali hili si la kijinga. Mimi nilisoma Biblia, sikusoma udaktari, basi nikaenda kuuliza kwa wanaojua.

Tunasema «kidudu cha SIDA» kama vile ni kimoja. Sivyo. Ziko aina nyingi, nazo zimepewa herufi: A, B, C, D, na kuendelea mpaka L, iliyothibitishwa mwaka 2019 kutokana na damu za watu wa Kongo yetu zilizochukuliwa 1983, 1990 na 2001. Aina nyingi hivi ziko kwetu kwa sababu kidudu kimekaa kwetu muda mrefu. Damu ya zamani zaidi iliyoonekana nacho ilichukuliwa Kinshasa mwaka 1959, siku za Léopoldville, na wataalamu wanahesabu kwamba kilianza kuenea mjini humo karibu na mwaka 1920. Kikasafiri pamoja na watu, kwa reli, mpaka Mbuji-Mayi na Lubumbashi, miji ya machimbo. (Sisi wa zahabu tusishangae.) Upande wa Uganda, aina A na D ndizo nyingi. Nasi wa Bunia tuko njiani, kati ya huku na kule.

Sasa fikiri kijana wa kwaya mwenye daftari mbili za wimbo mmoja, zenye maneno tofauti kidogo. Ananakili mstari huku, anaruka kule, anarudi tena huku. Mwishoni ana wimbo wa tatu, ambao haukuwa katika daftari yoyote. Kidudu hufanya hivyo kabisa. Kila kimoja hubeba daftari mbili za maagizo yake. Aina mbili zikikutana ndani ya chembe moja ya damu, mtoto wao anaweza kubeba daftari moja ya huyu na moja ya yule. Akiingia chembe nyingine, unakili unaruka-ruka, na anatoka wa mchanganyiko.

Wala si jambo la miji mikubwa tu. Huko Rakai, Uganda, vijiji vya wakulima na wavuvi karibu na Ziwa Victoria, watafiti wameona watu wengi wenye mchanganyiko wa A na D. Wameona pia kwamba mwenye D, asipopata dawa, hudhoofika mapema kuliko mwenye A.

Basi mnaona hatari ya yule bwana. Mtu mwenye kidudu anaweza kuambukizwa mara ya pili, kingine juu ya kile cha kwanza. Tena anayemeza dawa leo na kuacha kesho anakifundisha kidudu kukwepa dawa, kisha anamletea mkewe mstari huo wa kukwepa.

Vijana huniuliza kama iko aina isiyosikia dawa. Dawa za sasa zinafanya kazi juu ya herufi hizi zote, hata mchanganyiko. Zinazuia unakili wenyewe. Mume na mke wanaomeza kila siku mpaka kipimo hakioni tena kidudu katika damu hawaambukizani kitandani.

Bwana alinyamaza kidogo, halafu akauliza: je, zitakaaje machimboni bila kuloana? Bibi akamjibu kabla yangu: katika chupa yake, ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya nguo. Asubuhi walikwenda wote wawili kituo cha afya kuomba za miezi 3.