Mcheza Kwao Hutunzwa: Kalamu Nyekundu na Waandishi wa Gemu

Anayetaka kuwanyooshea wenzake kidole hana budi aanze na nafsi yake. Nami leo naanza kwa kukiri kosa.

Kijana mmoja wa Mbagala, fundi simu kwa kazi yake, aliniletea karatasi nne alizoziandika kwa mkono. Yalikuwa mapitio ya gemu ya zamani, Grand Theft Auto: San Andreas, aliyoicheza utotoni katika banda la PlayStation 2 huko Rangi Tatu. Baada ya shikamoo akasema, “Mwalimu, naomba unisahihishie, iwe kitu cha kusomeka.” Nilifurahi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafanya kile nilichofundishwa kukifanya na ambacho nami nimewafundisha wengine kwa miaka mingi. Palipoandikwa “banda” nikaweka “kituo cha burudani”. “Pedi” ikawa “kidhibiti cha mchezo”. “Tulikuwa tunagombania zamu” ikawa “ushindani ulikuwa mkubwa baina yetu”. Na sentensi yake ya kwanza kabisa, “Sisi mama yake CJ tumemzika mara mia,” niliifuta yote, juu yake nikaandika: “Mchezo huu huanza kwa tukio la kuhuzunisha.”

Alipozipokea karatasi zake alizisoma akiwa amesimama, akashukuru kwa adabu, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Imenyooka sana, Mwalimu. Ila sasa sijui kama aliyecheza ni mimi.” Hajaniletea tena karatasi nyingine.

Nilichukua muda kuelewa nilichokifanya. Katika gemu ile, Carl Johnson, ambaye wenzake humwita CJ, anarejea mjini Los Santos mwaka 1992 kwa sababu mama yake ameuawa. Polisi wanamkamata njiani, wanamnyang’anya fedha, wanamtupa katika mtaa wa maadui zake, na anafika nyumbani kwa baiskeli. Mwenye gemu sebuleni kwake hupita hapo mara moja, akaendelea na safari. Bandani mambo hayakuwa hivyo. Memori kadi ama haikuwapo, ama mwenye banda aliifungia kwenye droo. Sarafu ikiisha, pedi inapokonywa. Kesho yake mtoto anaanza tena kulekule msibani, kwenye baiskeli ileile. Watoto wale hawakujua hadithi inaishaje, ila walijua mno inavyoanza. Maneno saba ya kijana yule yalibeba umaskini, subira, kichekesho na umri mzima wa kizazi kimoja cha Temeke. Mimi, mwalimu wa lugha, niliyaita makosa.

Ninaandika makala haya kwa sababu sikuwa peke yangu. Kuna tabia iliyoenea miongoni mwetu, wahadhiri, wahariri, walimu wa sekondari na hata wazazi waliosoma, ya kudhani kwamba kusahihisha maandishi ya mtu asiye mwandishi ni kumvua nguo zake na kumvika zetu. Tabia hiyo inawafukuza waandishi ambao Kiswahili kinawahitaji sana. Naipinga, na ninaomba wenzangu tuiache.

Tuanze na swali ambalo najua litaulizwa: gemu za zamani zina nini hata zihitaji mapitio, seuze mhariri? Jibu limo katika historia yetu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, kampuni ya Sony ilitoa PlayStation ya kwanza huko Japani. Kwa hiyo watoto wengi wa Tandika, Mwananyamala au Tandale hawakukutana na kompyuta ofisini wala shuleni. Mtambo wa kwanza uliotii amri za vidole vyao waliukuta bandani, wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao, katika kundi, kwa sheria moja: mshindi anabaki, aliyefungwa anaachia pedi. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya historia ya kompyuta kwa sehemu kubwa ya jiji hili, na hakuna profesa aliyeiandika. Wanaoweza kuiandika ni hawa hawa tunaowachora wekundu.

Tena wanayajua mambo ambayo hakuna mwingine awezaye kutueleza. Kijana yule aliniandikia jinsi walivyocheza Winning Eleven ya Konami katika diski zenye maandishi ya Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja. Walikariri njia kama watoto wa chuoni wanavyokariri aya: chini mara tatu, duara, kulia, duara, na mechi inaanza. Mgeni akija bandani alifundishwa bure, na aliyefundisha alipata heshima. Mhakiki wa London au Tokyo, hata awe hodari namna gani, hawezi kuandika aya hiyo. Mcheza kwao hutunzwa, wamesema wahenga. Huyu amecheza kwao. Sisi tukamtunza kwa kumfutia.

Ninajua hoja ya wenzangu, maana niliishika kwa muda mrefu. Wanasema: tukiruhusu “pedi”, “levo” na “kusevu”, Kiswahili kitaharibika, kazi ya msomi ni kulinda usanifu. Hoja hii ina wazee wake. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, ilipewa pia kazi ya kupitia vitabu vya shule na kuvipa ithibati. Sidharau faida ya kazi ile: kwa sababu yake mtoto wa Kigoma na wa Lindi wanasoma tahajia moja. Lakini pamoja na tahajia tulirithi mazoea ya kuamini kwamba lugha hutoka mezani kwa mkaguzi na kushuka mitaani. Mara nyingi njia ni kinyume chake.

Tazameni kandanda. Nani aliyetupa “tobo” kwa mpira unaopitishwa katikati ya miguu, na “kanzu” kwa ule unaopitishwa juu ya kichwa cha mpinzani? Hazikutoka katika kikao. Zilizaliwa viwanjani, zikapokewa na watangazaji, na leo hata mbunge huzitumia bungeni akitaka kumcheka mwenzake. “Kipa”, “kona” na “penalti” zilikuja na wageni, zikavaa sauti yetu, zikakaa. Lau kila mwandishi wa kwanza wa michezo angekutana na kalamu kama yangu, tungekuwa hadi leo tunasoma kuhusu “kuupitisha mpira baina ya miguu ya mshindani”, na hakuna ambaye angenunua gazeti.

Na kama tunataka mfano wa usahihishaji ulio bora, hatuna haja ya kwenda mbali. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake mengi yangepotea kama si Mwalimu Sikujua, ambaye baadaye katika karne ileile aliyakusanya na kuyaandika pamoja na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940. Neno likiwa gumu, au jambo likiwa la mtaa fulani na wakati fulani, Sikujua aliandika maelezo pembeni. Shairi lilibaki la Muyaka, na elimu ya mwalimu ikakaa ukingoni mwa karatasi kuwahudumia wasomaji. Kwa nini heshima hiyo tuliyompa Muyaka, aliyetunga juu ya mitaa na watu wa Mombasa yake, tumnyime fundi simu anayeandika juu ya banda la Mbagala yake?

Sasa nigeukie upande wa pili, maana wapo wanaonishangilia mapema. Hao husema: waacheni vijana waandike watakavyo, kusahihisha ni ubabe wa wasomi. Hapana. Huo nao ni dharau iliyovaa sura ya huruma. Kijana yule hakuniomba makofi, aliniomba msaada, na alikuwa na haki ya kuupata. Aliandika “uwezi” akikusudia “huwezi”, na “amna” mahali pa “hamna”. Aliandika kwamba San Andreas ilitolewa mwaka 2002, ilhali ilitoka mwezi Oktoba 2004. Aliamini imetengenezwa Japani kwa kuwa mtambo ni wa Japani. Ukweli ni kwamba ni kazi ya Rockstar North, studio iliyoko Edinburgh, Uskoti. Alisema Tekken 3 ni “kali kuliko zote” bila kutoa hata sababu moja, ingawa nilipomuuliza kwa mdomo alinieleza kwa dakika kumi jinsi Eddy Gordo, mpiganaji wa kapoeira, alivyomwezesha mtoto mdogo anayebonyeza ovyo kumwangusha bingwa wa mtaa, hata mabanda mengine yakamkataza asichaguliwe.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu, nami sikuifanya. Nilirekebisha maneno yake yaliyokuwa mazima nikaacha hoja yake ikiwa na njaa. Mhariri mwema angesahihisha tahajia na upatanisho wa kisarufi bila kusita, maana hayo humheshimisha mwandishi mbele ya wasomaji. Angehakiki kila mwaka na kila jina. Angemuuliza: msomaji ambaye hajawahi kushika pedi ataelewaje hapa? Umesema gemu ni kali. Ukali wake uko wapi? Yale maelezo ya dakika kumi angemwambia ayaandike kama alivyoyasema. Kisha angeweka kalamu chini. Kuuliza ni kazi ngumu kuliko kufuta, maana anayeuliza hukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Ugumu huo, nadhani, ndio unaotufanya tupende kufuta.

Na muda hautungoji. Mwezi Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo hazipatikani tena sokoni. Ikiwa hali ni hiyo kwao, wenye makumbusho na maktaba, sisi ambao gemu zetu zilikuwa diski za kurudufu zenye mikwaruzo tutabaki na nini? PlayStation 2 iliacha kutengenezwa mwaka 2013. Mabanda mengi yamegeuka vibanda vya kutumia na kupokea fedha. Kilichobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu hudumu kadiri anavyodumu mwenyewe, isipokuwa akiiandika.

Kuna na hatari mpya. Vijana waliochoka kudhalilishwa na kalamu zetu wamepata msahihishaji asiyenuna: akili unde. Wanaitupia aya zao, inazirudisha zimepigwa pasi, kila sentensi imenyooka na hakuna hata moja yenye harufu ya mtaa. Tusiilaumu mashine peke yake. Mashine hujifunza kutokana na yaliyoandikwa, na kama maandishi ya Kiswahili tunayoyahifadhi ni yale ya “tukio la kuhuzunisha”, itazijua wapi habari za mama aliyezikwa mara mia? Inafanya kwa kasi kubwa kile ambacho mimi nilifanya kwa siku mbili.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa vitenge na kuisifu lugha yetu kwamba inakua. Lugha haikui kwa kusifiwa. Inakua pale mtu asiye na cheo anapoandika jambo analolijua, na mwenye elimu anapomsaidia alisema vizuri zaidi kwa kinywa chake mwenyewe. Ombi langu kwa walimu na wahariri ni jepesi kulitaja, zito kulitenda: kabla hujafuta neno la mtu, mwulize maana yake. Akikujibu ukajifunza kitu, neno hilo si kosa. Liache lilipo, na kama wasomaji watalihitaji, liwekee maelezo pembeni.

Nami nina deni. Bado ninazo nakala za karatasi zile nne, maana nilizipiga picha kabla ya kuzichora. Wiki hii nitapanda daladala kwenda Rangi Tatu, nikamtafute fundi wangu mezani kwake. Nitamrudishia sentensi yake ya kwanza kama alivyoiandika, nimwombe radhi, kisha nimwambie kwamba mwaka ni 2004, studio ni ya Edinburgh, na kwamba habari ya Eddy Gordo haijaandikwa bado. Akinikubalia, nitavuta kigoda nikae. Safari hii kalamu ataishika yeye.