Ukienda Bagamoyo na mwenzio

Mwezi huu naongea na nyie mnaoishi Dar, wote wawili mna kazi, mnaonana usiku mkiwa hoi, na wikiendi zinaishia kwenye harusi za watu. Mnatamani kutoka, ila Zanzibar bajeti hairuhusu. Bagamoyo je? Ni kilomita kama 70 tu. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, mmefika.

Najua wengine mnaenda sana. Hoteli, kuogelea, pweza, picha mbili tatu, halafu Jumapili jioni mko kwenye foleni mmenuniana kama mlivyoondoka. Mji wenyewe hamjauona! Safari hii tembeeni.

Anzieni Kaole, kusini kidogo ya mji. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe kaburi la wapenzi. Watamsimulia yeyote anayeuliza: mume na mke waliokufa maji pamoja.

Kisha nendeni misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianza pale mwaka 1868, enzi ambazo misafara ya pembe na watumwa kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inaishia Bagamoyo. Watu hukimbilia mbuyu uliomeza mnyororo, ambao inasemekana Mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliufungia punda wake. Pigeni picha, sawa. Ila ulizieni pia habari za kijiji cha waliokombolewa.

Walionunuliwa kutoka utumwani, wengi wao watoto, walilelewa pale. Walipokua na kuoana, walipewa nyumba na kipande cha shamba. Hebu fikiria, mwenzangu. Mtumwa hakuweza kuoa bila idhini ya bwana wake, na mkewe angeweza kuuzwa kesho yake. Sasa ana mlango wa kufunga na mtu wa kula naye. Tusidanganyane lakini: mapadre nao walikuwa wakali. Walipanga saa za kazi na za sala, na hata kwenye suala la nani amuoe nani walikuwa na kauli. Ulikuwa uhuru wa nusu. Sisi tuliochaguana wenyewe, bila kumwomba bwana yeyote, tunaufanyia nini huo uhuru wetu mzima? Tunashika simu, kila mtu na upande wake wa kitanda!

Na lile jina? Wanasema ni "bwaga moyo". Wapo wanaolisikia kama kilio cha mtumwa: moyo nauacha hapa, mbele ni jahazi. Wengine wanalisikia kama pumzi ya mpagazi wa Kinyamwezi, mtu huru anayelipwa, aliyetembea miezi na mzigo begani, sasa kaiona bahari, anaushusha. Neno ni hilo hilo, inategemea aliyelisema alikuwa na hali gani. Hata leo tukisema "kambwaga", tunamaanisha mtu kaachwa kwenye mataa.

Kwa hiyo jioni, mkae ufukweni pale wavuvi wanaposhusha samaki, karibu na nyumba ya forodha ya Wajerumani. Kila mmoja amuulize mwenzake swali moja: "Una mzigo gani ambao mimi siujui?" Huenda ni deni. Huenda ni mama yake anayeumwa kijijini, au kazi anayoiogopa kila Jumatatu. Akianza kusema, usimkatize, usimpe ushauri wa haraka, na wala usiseme "ungeniambia mapema". Msikilize mpaka amalize. Halafu mwambie wa kwako.

Mtu asiyejua mwenzake kabeba nini atamwona mvivu, kumbe kachoka. Mkirudi Dar foleni itakuwa ile ile, ila angalau mtajua nani kabeba nini. Tukutane mwezi ujao.