LAWAMA IWE NA JINA



Kila mara vyama viwili vikiahidiana kutawala pamoja na kisha kuvunjana, mjini tunasikia maneno mawili tu. Neno la kwanza ni hili: "Ni wale wenzetu walioharibu." Neno la pili: "Wote ni sawa, hakuna mwema." Sisi tunakataa maneno yote mawili. La kwanza ni upofu, na la pili ni uvivu. Mtu mwenye akili hupima. Huuliza: nani alifanya nini, siku gani, na kwa faida ya nani?

Tupime basi jambo lililotuumiza kuliko mengine katika nchi hii ya Katanga, yaani mapatano ya Conakat na Balubakat.

Conakat ilizaliwa Oktoba 1958, baada ya uchaguzi wa miji wa Desemba 1957 kuwapa watu waliotoka nje ya Katanga viti vya bugumestre katika Elisabethville. Mwaka 1959 Balubakat ya Jason Sendwe ilikuwa ndani ya Conakat, nyumba moja na Moïse Tshombe na Godefroid Munongo. Novemba mwaka ule ule Balubakat ikatoka, kwa sababu Conakat ilikuwa imefungamana na chama cha walowezi wa Kizungu, Union Katangaise, na ilizidi kuwasema vibaya watu wa Kasai. Balubakat ikaungana na Fedeka ya watu wa Kasai na Atcar ya Wachokwe, wakafanya Cartel. Hata hivyo, Januari 1960, kwenye Meza ya Mviringo kule Brussels, wajumbe wa Kikongo walisimama upande mmoja mbele ya Wabelgiji, na tarehe ya uhuru ikapatikana. Kumbe waliweza kupatana walipotaka!

Kisha ukaja uchaguzi wa Mei 1960. Baraza la Jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. Conakat ilipata 25, Cartel 23. Ndugu, tazameni hesabu hiyo. Hakuna aliyepata hata nusu. Wananchi walisema wazi: tawaleni pamoja. Sheria ya Msingi nayo ilisema vivyo hivyo kwa njia yake, maana ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wawepo barazani ndipo serikali ya jimbo iundwe.

Ikawaje? Conakat iliwavuta wajumbe wasio na chama, ikajiona imetosha. Cartel ikaona itamezwa, ikasusa baraza. Kazi ikasimama. Ndipo, katikati ya Juni 1960, wiki mbili tu kabla ya uhuru, Bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria ile, ili serikali iweze kuundwa bila theluthi mbili. Tshombe akaunda serikali ya watu wake na marafiki zake. Tarehe 11 Julai 1960 akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Sasa tugawe lawama, kila mtu na mzigo wake.

Mzigo mkubwa ni wa Conakat. Mwenye nguvu ndiye anayeweza kugawa. Asiyepewa kitu hana cha kugawa. Chama chenye viti 25 katika 60 kilijifanya ndicho nchi nzima. Na kilipoona kwamba Serikali ya Lumumba imekipa uwaziri mmoja tu, wa Uchumi, kilinung'unika kuwa kimedharauliwa. Tunakubali, uwaziri mmoja ni kidogo. Lakini je, yeye aliyelia hivyo kule Léopoldville aliwapa nini wenzake wa Cartel kule Elisabethville?

Mzigo wa pili ni wa wakubwa wa Ubelgiji. Katika mpira, mwamuzi habadilishi sheria mchezo ukiwa unaendelea ili timu aipendayo ifunge. Baada ya kujitenga ndipo ilipoonekana nani alikuwa na haja na Katanga peke yake: maofisa wa Kibelgiji waliongoza askari wa Tshombe, na Union Minière ikailipa serikali yake kodi ya shaba ambayo ilikuwa haki ya Kongo nzima.

Mzigo wa tatu ni wa Cartel, nasi hatuuondoi kwa sababu watu wa kaskazini wengi walikuwa upande wake. Kususa ni silaha, lakini ni silaha ya siku chache. Anayetoka barazani lazima aseme kwa sauti: nitarudi mkinipa hiki na hiki. Kama hakusema, au amesema mambo yasiyowezekana, anamwachia mpinzani kiti, mlango na ufunguo.

Na nani alilipa? Si wakubwa kwanza. Walilipa watu wa Manono, wa Kabalo, wa Bukama, waliochomewa vijiji. Walilipa pia wale waliouawa na vijana wenye hasira waliosema wanapigania Balubakat. Mwaka 1961 maelfu na maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pale Elisabethville, wakiacha kazi na nyumba zao. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Sendwe aliuawa Albertville Juni 1964. Tshombe alikufa mfungwa kule Algeria Juni 1969. Hakuna hata mmoja aliyeshinda.

Mtu atasema: hayo ni ya wazee. Hapana! Sikilizeni.

Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge kumi na watatu walimwandikia Mobutu barua ya kumpinga. Étienne Tshisekedi wa Kasai alikuwamo. Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa Katanga alikuwamo. Waliteswa pamoja. Mwaka 1991 UDPS na UFERI ziliungana tena katika Union Sacrée. Novemba mwaka ule Nguz Karl-i-Bond wa UFERI akakubali uwaziri mkuu kutoka kwa Mobutu, na umoja ukapasuka. Mkutano Mkuu wa Taifa ulipomchagua Tshisekedi Agosti 1992, ugomvi wa wakubwa wawili juu ya kiti kimoja uliteremshwa mpaka kwenye mitaa ya Likasi, na mwaka uliofuata Kolwezi. Watu zaidi ya laki moja walifukuzwa, wafanyakazi wa Gécamines na wa reli, pamoja na wake zao na watoto waliozaliwa Katanga. Walilala vituoni wakingoja gari la moshi, na wengi walifia humo. Njia ya reli kwenda Kasai ni hii hii, inayopita Kamina na Kaniama mpaka Mwene-Ditu.

Hapa ndipo neno letu. Lawama isiyo na jina haipotei hewani. Inatafuta jirani. Mkisema "Nguz alivunja mapatano," mnamshitaki mtu mmoja kwa tendo moja, naye anaweza kujibu. Mkisema "Wakasai wametuharibia," au "Wakatanga ni wasaliti," mmemhukumu fundi mwenzenu wa zamu ya usiku, ambaye hakuketi kwenye meza yoyote wala hakutia sahihi yoyote.

Na juzi tu tumeona tena. Mwaka 2019 FCC ya Joseph Kabila na CACH ya Félix Tshisekedi walipatana kutawala pamoja. Serikali ya Sylvestre Ilunga, mzee aliyepata kuongoza shirika letu la reli, SNCC, ilichukua miezi saba kutangazwa, kwa kuwa walikuwa wanagawana mawaziri: 42 kwa FCC, 23 kwa CACH. Oktoba 2020 wakagombana juu ya majaji wa Mahakama ya Katiba. Tarehe 6 Desemba 2020 Rais akatangaza kwamba mapatano yamekwisha. Upande mmoja ukasema: walituzuia kufanya kazi. Wa pili ukasema: walivunja neno lao. Nani alisema kweli? Mwananchi atajuaje, hali mkataba wenyewe ulifichwa, haukutangazwa kwa watu? Wabunge wengi wa FCC walihamia upande wa pili, wala hawakurudi kwanza kuwauliza waliowapigia kura.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Hata Marekani, tangu Desemba 2018 mpaka Januari 2019, vyama viwili vikubwa viliacha serikali ifungwe siku 35 kwa ugomvi juu ya ukuta wa mpakani, na wafanyakazi wa serikali wapatao laki nane wakakosa mishahara yao kwa wakati. Lakini kule kila mtu alijua ugomvi unahusu fedha zipi, basi aliweza kupima. Sisi tunanyimwa hata mizani.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. La kwanza: vyama vikipatana, mkataba uandikwe na usomwe hadharani, kwa Kiswahili pia, mpaka mama anayeuza mahindi kituoni auelewe. La pili: sheria ya baraza isibadilishwe kwa ajili ya mtu mmoja wakati kazi imekwisha kuanza. La tatu: anayetoka serikalini au barazani atamke bei ya kurudi kwake, na anayehama chama arudi kwanza kwa waliomchagua.

Na ninyi ndugu wa migodini, wa reli na wa sokoni, mtu akija kwenu na neno "wale", mwulizeni palepale: wale gani? Jina lao nani? Walitia sahihi wapi, tarehe ngapi? Akikosa jibu, mwacheni aende zake, nanyi rudini kazini pamoja na jirani yenu.