Daftari la Wiki: Nani Anabaki Kocha Akiondoka?

Tangu Simba imtangaze Steve Barker kuwa kocha wake mpya, kila kijiwe cha kahawa kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala kimepata mwalimu wake wa mpira. Wiki hii nimesikiliza zaidi ya kusema. Hoja iliyonikaa kichwani ni ya mzee mmoja, mshabiki tangu enzi klabu ikiitwa Sunderland, aliyekuwa akibishana na kijana wa bodaboda.

"Mzee wangu, huyu si ndiye tuliyemtoa wenyewe? Unamchukuaje kocha uliyemfunga?"

"Ndiyo maana namtaka. Wewe mwanangu uliangalia matokeo. Mimi niliangalia mechi."

Mzee ana hoja. Aprili 2025, kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba iliitoa Stellenbosch ya Barker kwa bao moja tu katika dakika 180: 1-0 Zanzibar, kisha 0-0 Durban. Bao lenyewe lilikuwa la mpira wa adhabu wa Jean Charles Ahoua. Stellenbosch ni klabu ya mji wa mashamba ya zabibu, na kabla ya 2019 haikuwa hata kwenye ligi kuu ya Afrika Kusini. Barker aliichukua 2017, akaipandisha daraja, mwaka 2023 akaipa taji la Carling Knockout, halafu akaifikisha hatua ambayo klabu nyingi zenye jina kubwa kuliko yake hazijawahi kuiona.

Miaka minane kwenye klabu moja. Nilitamani mjadala utulie hapo, lakini kila nilipopita watu walikuwa kwenye mfumo: mabeki watatu au wanne, namba kumi atacheza nani, dirisha dogo aletwe nani. Ni maswali halali, nami nayapenda. Ila Barker hakuijenga Stellenbosch kwa mfumo peke yake. Aliijenga kwa muda, tena akiwa na watu waliokaa kandokando yake muda huohuo.

*

Tuhesabu makocha wa Simba. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na siku mbili baadaye kibarua cha Roberto Oliveira, maarufu Robertinho, kikaota nyasi. Akaja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria, Aprili 2024 akaaga. Juma Mgunda akashika timu mpaka msimu ukaisha. Akaja Fadlu Davids, akaifikisha fainali ya Shirikisho dhidi ya RS Berkane, na Septemba 2025 akaenda Raja Casablanca. Akaja Dimitar Pantev kwa cheo cha meneja mkuu. Kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa, Petro de Luanda ikaifunga Simba Dar es Salaam, Stade Malien ikaifunga Bamako, na Desemba mkataba ukavunjwa. Akaja Barker.

Shomari Kapombe amekuwapo muda wote huo. Mtu mmoja, beki mmoja, amefundishwa kupanda na kurudi na Mbrazili, Mwalgeria, Mtanzania, Msauzi na Mbulgaria, kisha akaanza upya na Msauzi mwingine, yote ndani ya miaka miwili na kidogo. Anapokosea kusimama kwenye mstari na wenzake, jukwaa linamzomea yeye.

*

Shabiki wa Yanga hapa anatabasamu. Atakwambia msimu wa 2024/25 walikuwa na makocha watatu, Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi, na ubingwa wakauchukua, tena Juni 25 kwa kuifunga Simba 2-0. Hoja hii ni nzito, na anayedai utulivu bila kuijibu anajidanganya.

Jibu langu liko uwanjani. Djigui Diarra yuko golini tangu 2021. Bakari Mwamnyeto, Dickson Job na Ibrahim Bacca walikuwa wameshazoeana chini ya kocha Nasreddine Nabi kabla Gamondi hajatua. Mudathir Yahya naye aliingia enzi hizohizo. Makocha walibadilika, uti wa mgongo wa timu ukabaki. Ramovic alikuja na mpira wa kasi, mashabiki wakaupa jina la "gusa achia twende kwao", akaupata kwa wiki chache kwa sababu alikuta wachezaji wanaojua mwenzao yuko wapi bila kumtazama. Hamdi alipokea gari likiwa kwenye mwendo. Simba kila kiangazi inajenga nyumba mpya na fundi mpya, ndiyo maana kila kocha anayeondoka pale anaacha pengo kubwa kuliko anayeondoka Yanga, pale Jangwani.

Lakini mtaji wa namna hiyo unaliwa ukaisha. Oktoba 2025 Yanga ilifungwa 1-0 na Silver Strikers huko Malawi, na kocha wake Romain Folz akafungashiwa virago. Aliyesimama kwenye mechi ya marudiano alikuwa kocha msaidizi, Patrick Mabedi, mwenyewe Mmalawi. Yanga ikashinda 2-0 ikaingia makundi, ndipo Pedro Gonçalves akakabidhiwa timu.  Mabedi alikuwa tayari ndani ya benchi, na hilo liliisaidia klabu.

*

Hapa ndipo penye uzito wa daftari la leo, na nitakaa kidogo.

Tunapobishana kuhusu kocha tunamzungumza mtu mmoja mwenye suti au traki, lakini kazi ya kila siku iko mikononi mwa wanne au watano nyuma yake. Kocha wa viungo anajua ni mchezaji gani ambaye misuli yake ya nyuma ya paja haiwezi kustahimili mechi mbili ndani ya siku nne, nani analala vibaya baada ya safari ndefu, nani akipumzishwa sana anarudi mzito. Kocha wa makipa anajua kipa wake anatoka vibaya kwenye kona za upande upi, na wiki nzima anafanya kazi juu ya hilo tu, asubuhi kwa asubuhi, bila kamera hata moja. Mchambuzi wa video anakata vipande vya mechi za mpinzani, kisha anavifupisha viwe dakika chache ambazo mchezaji atazivumilia. Kocha msaidizi anasikia manung'uniko ya vyumbani ambayo hayamfikii bosi.

Fadlu alikuja na watu wake wa kazi hizo. Riedoh Berdien alikuwa kwenye viungo, na makipa walikuwa mikononi mwa Wayne Sandilands, kipa wa zamani wa Mamelodi Sundowns na Orlando Pirates. Kipa Moussa Camara alimaliza msimu huo wa 2024/25 akiongoza ligi kwa mechi bila kuruhusu bao. Fadlu alipoitwa Raja, wasaidizi aliokuja nao wakaondoka naye. Simba ikawa kama nyumba ambayo mpangaji amehama na milango na madirisha: kuta zipo, lakini hakuna pa kulala usiku huo.

Simlaumu Fadlu. Kocha ana haki ya kufanya kazi na anaowaamini, na kazi ya ukocha haina dhamana. Ninachokitaka kwa klabu ni kwamba mezani pa kila mtaalamu wa kigeni anayeletwa aketi Mtanzania anayelipwa vizuri, mwenye leseni na mwenye mkataba wa klabu, ambaye atabaki na kumbukumbu. Rekodi za majeraha ziwe mali ya klabu. Vipimo vya mbio vya kila mchezaji viwe mali ya klabu. Ripoti za wapinzani zihifadhiwe Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, zisisafiri kwenye kompyuta ya mtu kwenda Casablanca. Gharama yake haifiki bei ya winga mmoja anayekuja na kukaa benchi msimu mzima. Kwa hiyo tatizo ni kwamba hakuna anayelidai hilo. Sisi waandishi hatuulizi siku ya utambulisho, na wanachama hawaulizi kwenye mkutano mkuu.

*

Seleman Matola. Wengi wa wanaobishana wiki hii walikuwa watoto, au hawajazaliwa, alipokuwa nahodha wa Simba iliyokwenda Cairo mwaka 2003 ikawang'oa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti, kocha akiwa Mkenya James Siang'a. Tangu arudi Msimbazi kama kocha msaidizi amewapokea wageni wengi na kuwaaga wengi. Wanapoondoka anaambiwa ashike timu, wanapokuja anaambiwa arudi nyuma hatua moja. Ndivyo ilivyokuwa Desemba baada ya Pantev.

Mgunda pia. Mwaka 2022 alikuta timu haina kocha mkuu, akaivusha mbele ya Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari iliyofuata akaletwa Robertinho.

Sisemi Matola au Mgunda lazima awe kocha mkuu kwa sababu ni mwenzetu. Uraia haupigi pasi. Ninasema tumewaita watu hawa kila tulipokuwa na shida, na hatujawahi kuwauliza hadharani wanajua nini. Kwenye vipindi vya michezo redioni tunawahoji wachambuzi saa nzima kuhusu falsafa ya mgeni ambaye hatujaona mazoezi yake hata moja. Mtu aliyekaa kiti cha pili karibu na makocha wote hao, aliyeona nani alifundisha kweli na nani alipiga domo, tunampa sekunde thelathini kandokando ya uwanja aseme "tumejipanga vizuri."

*

Kwa wanaosema klabu za Afrika Kaskazini zinatukausha makocha: Sven Vandenbroeck wa Simba aliifunga FC Platinum 4-0 Januari 2021, Simba ikaingia makundi, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba ameondoka, akaibukia AS FAR ya Rabat. Nabi alipitia njia hiyohiyo 2023. Ramovic alikwenda CR Belouizdad ya Algeria msimu ukiwa katikati. Wataendelea kuondoka, maana kule mshahara ni mkubwa na ligi ina jina. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na benchi linalobaki.

*

Neno kuhusu hasira. Nimesikia viongozi wakisema mashabiki ndio wanaowafukuza makocha kwa presha yao. Si haki. Shabiki anayetoka Temeke na tiketi aliyoinunua kwa fedha ya siku nzima ana haki ya kukasirika timu yake ikifungwa nyumbani. Kazi ya kiongozi ni kuisikia hasira hiyo Jumapili na bado kuamua kwa akili Jumatatu. Kocha ndiye mtu rahisi kuliko wote kumtoa: hana kura, hana tawi, hana ndugu mjini. Ukimwondoa, kwa wiki mbili hakuna atakayeuliza nani alisajili.

Gamondi ni shahidi. Novemba 2024 Yanga ilifungwa na Azam, kisha ikafungwa na Tabora United, naye akaondolewa. Yule aliyeipiga Simba tano na kuifikisha timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Sundowns kwa penalti tu. Mwaka uliofuata mtu huyohuyo aliiongoza Taifa Stars kule Morocco, wakatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu tukavuka makundi ya AFCON. Wenyeji Morocco walitutoa 1-0. Nilikuwa nimesimama dakika zote tisini, na sitaisahau timu ile.

*

Barker alianza kazi akiwa na kikosi alichokikuta. Sitamhukumu kwa matokeo yake ya kwanza na naomba wengine tuungane katika hilo. Nitakachokitazama kwenye televisheni ni dakika ya 60, timu ikiwa nyuma, anapogeuka kutafuta ushauri kabla ya kubadilisha mchezaji. Nataka kuona anamgeukia nani. Kama Matola atakuwa amekaa mwisho wa benchi akiangalia nyasi, nitaliandika hilo wiki ijayo, na nitamuuliza msemaji wa klabu swali hilo mbele ya kamera.